Hiari ya Mwanafunzi na Kadari ya Riziki

Swali na mahali pake

Swali la kazi ambayo kijana aliyesoma ataifanya maishani limezoeleka kuachiwa wachumi, maofisa wa elimu na washauri wa ajira, ilhali kwa asili yake ni swali la falsafa na la dini, kwa kuwa ndani yake mnakutana mambo matatu ambayo wanazuoni wameyajadili kwa karne nyingi: hiari, yaani uwezo wa mtu kuchagua pasipo kushurutishwa, kadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu juu ya mja na riziki yake, na dhima, yaani wajibu unaomfunga mtu kwa sababu ya wema aliotendewa na wengine. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayejiuliza kama asomee ualimu au uhasibu, au kama aache udaktari akafanye biashara, huenda asiyataje mambo hayo kwa majina yake, lakini kila jibu analolitoa huwa limeegemea upande fulani wa mjadala huo. Insha hii inadai kwamba kosa kubwa linalowasumbua vijana wengi katika jambo hili ni kutafuta uhakika wa matokeo, ambao hakuna mwanadamu aliyepewa, na kupuuza usahihi wa uamuzi, ambao umo katika uwezo wao.

Dai hilo hupimika vizuri zaidi likishushwa katika mahali mahususi. Mlingotini ni kijiji cha Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kilichopo kusini mwa mji wa Bagamoyo, kupita Kaole na Mbegani, na maisha ya wakazi wake yameshikamana na bahari. Wapo wavuvi, wapo wakulima, na wapo wanawake wanaolima mwani, mmea wa baharini unaofungwa vipande vipande kwenye kamba, ukavunwa, ukaanikwa, kisha ukauzwa mkavu kwa wafanyabiashara wanaousafirisha nje ya nchi, ambako hutolewa karajinani, dutu ya kugandishia inayotiwa katika vyakula, vipodozi na dawa za meno. Kijana anayetoka katika mazingira ya namna hiyo kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro haendi peke yake, kwani nyuma yake kuna ada na nauli zilizotokana na samaki na mwani, kuna dua za wazee, na kuna matarajio ambayo hayasemwi waziwazi kwa kuwa kila mtu nyumbani anadhani yanajulikana.

Hiari iliyobanwa

Jambo la kwanza linalopaswa kukubaliwa ni kwamba hiari ya mwanafunzi huyo ni finyu kuliko inavyosemwa katika hotuba za mahafali. Kabla hajafika kwenye fomu za udahili, tayari amekwisha kupita katika vichujio kadhaa: masomo aliyoyachukua au aliyoyaacha katika kidato cha tatu, mara nyingine kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wa fizikia, tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ambao alipangiwa kidato cha tano, na alama alizopata katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Baada ya hapo hukutana na sifa za kujiunga zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha hukutana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo vigezo vyake humfanya mtoto wa mkulima wa mwani aitazame kozi kwa jicho la kama itapata mkopo kabla ya kuitazama kwa jicho la kama inamfaa. Hata baada ya kuhitimu, deni hilo huendelea kumfuata, kwa kuwa sheria ilirekebishwa mwaka 2016 na kiwango cha makato ya mnufaika aliyeajiriwa kikawa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Hali hiyo imewafanya baadhi ya watu waseme kwamba mwanafunzi maskini hana uchaguzi wowote, kwamba mfumo ndio unaomchagulia naye hutia saini tu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hubeba pia kosa ambalo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona alipoeleza kwamba watu hawatafakari juu ya yale yasiyoweza kubadilishwa nao, bali juu ya yale yaliyo katika uwezo wao. Kinachofuata kutokana na maelezo hayo ni kwamba ufinyu wa uwanja wa uchaguzi haufuti uchaguzi, ila huuhamisha. Aliyekosa udaktari akapata sayansi ya viumbe wa majini hana tena nafasi ya kuamua kama awe daktari mwaka huo, lakini bado anayo nafasi ya kuamua atasoma kwa niya gani, atajifunza kutoka kwa nani, atafanya mazoezi ya vitendo wapi, na elimu hiyo ataielekeza kwenye tatizo gani.

Bagamoyo yenyewe ina ushahidi mzito wa jambo hilo. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alikuwa mzaliwa wa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, akafikishwa pwani akiwa mtoto mtumwa na kulelewa katika nyumba ya liwali Amir bin Sulayman al-Lamki, kisha akasoma elimu ya dini mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria mjini Bagamoyo, cheo alichofariki nacho mwaka 1931. Tarika ni njia ya malezi ya kiroho ambayo wafuasi wake huungana chini ya sheikh mmoja, na katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa mojawapo ya milango michache ambayo mtu asiyekuwa na ukoo wa kujivunia aliweza kuipita akaheshimiwa kwa elimu yake. Sheikh huyo hakuchagua nchi aliyofikishwa wala nyumba aliyoingizwa, na dhuluma aliyofanyiwa haiwezi kuitwa fursa; hata hivyo maisha yake yanaonyesha kwamba kati ya kulazimishwa na kuwa huru kabisa kuna eneo la katikati, na sehemu kubwa ya maisha ya wanadamu hupita katika eneo hilo. Ingekuwa makosa kuutumia mfano wake kuwatetea wanaoshindwa kupeleka walimu wa sayansi vijijini, kwa sababu ushujaa wa mtu mmoja haumwondolei mwingine lawama ya kumwekea vikwazo.

Kadari, chumo na istikhara

Katika mazungumzo ya watu wa pwani, swali la kazi halikawii kugeuka kuwa swali la riziki, na riziki, kwa itikadi ya Kiislamu, iko mkononi mwa Mungu. Sura ya Luqman inafundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Kutokana na mafundisho kama hayo huweza kuzuka fikra ya kijabari, yaani imani kwamba mwanadamu hana tendo lolote lililo lake na kwamba kuhangaika kuchagua ni kazi bure, kwa kuwa kilichoandikwa kitakuja chenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu waliikataa fikra hiyo mapema. Wamutazila, waliotilia mkazo uadilifu wa Mungu, walisema kwamba mja huyaumba matendo yake mwenyewe, la sivyo hesabu ya akhera isingekuwa ya haki. Naye Abu al-Hasan al-Ashari, mwanazuoni wa karne ya 10 ambaye shule yake ya akida ndiyo iliyoenea pamoja na madhehebu ya Shafi katika pwani ya Afrika Mashariki, akashika njia ya kati kwa kufundisha kwamba Mungu ndiye muumba wa kila tendo, na mja ndiye anayelichuma kwa niya na azma yake, hivyo thawabu au dhambi humwangukia yeye.

Fundisho hilo la kuchuma lina maana kubwa kwa mwanafunzi. Linamwambia kwamba matokeo ya uamuzi wake hayamilikiwi naye, lakini uamuzi wenyewe unamilikiwa naye kikamilifu. Katika hadithi mashuhuri inayosimuliwa kwa mapokezi ya Imamu Ali, masahaba walimuuliza Mtume kama isingekuwa bora waache kutenda na wategemee yaliyokwisha kuandikwa, naye akawaagiza watende, akieleza kwamba kila mtu hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Hadithi hiyo inahusu hatima ya akhera, lakini wasomaji wengi wameona ndani yake mwongozo wa maisha ya duniani pia, kwamba wepesi wa mtu katika jambo fulani ni dalili inayostahili kuzingatiwa. Wepesi huo hauna maana ya kutopata tabu, kwani anayeipenda hisabati naye hukesha. Maana yake ni kwamba tabu ya jambo hilo humzidishia mtu hamu badala ya kuimaliza.

Hapa ndipo inapoingia istikhara, yaani sala ya rakaa mbili za suna inayofuatwa na dua ya kumwomba Mungu amchagulie mja lililo la kheri. Kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah na kuandikwa katika mkusanyo wa Bukhari, Mtume aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura za Qurani, na dua yake humwomba Mungu kwamba jambo likiwa na kheri kwa dini ya mtu, maisha yake na mwisho wake, limsahilikie, na likiwa na shari liepushwe naye. Wanafunzi wengi, na wazazi wao pia, wameichukulia sala hiyo kuwa njia ya kupata ndoto itakayowaonyesha kozi ya kuchagua, ingawa hadithi yenyewe haitaji ndoto. Tofauti kati ya istikhara na ramli iko hapo hapo: anayepigiwa ramli anataka afunuliwe ghaibu ili asilazimike kuamua, ilhali anayesali istikhara anakiri kwamba haijui ghaibu na kwamba ataamua vivyo hivyo, akimwachia Mungu mwisho wa jambo. Qurani nayo, katika sura ya Al Imran, imepanga mambo kwa utaratibu, kwani inamwagiza Mtume ashauriane na wenzake, kisha akishaazimia amtegemee Mungu, na kwa utaratibu huo tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, huja baada ya mashauri na azma, wala haishiki nafasi yake.

Mapokeo ya Kikristo, ambayo nayo yana mizizi Bagamoyo tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868, yanafika karibu na hapo kwa njia ya fundisho la wito, yaani imani kwamba Mungu humwita kila mtu katika utumishi fulani. Ignatius wa Loyola, katika kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, aliweka kanuni kwamba mtu asibadilishe azma yake wakati roho yake imegubikwa na ukiwa, kwa kuwa hali hiyo humfanya aone kila njia imefungwa. Kanuni hiyo ina faida ya moja kwa moja kwa mwanafunzi aliyefeli somo katika mwaka wa kwanza na ambaye usiku huo huo anataka kuiacha kozi. Kwa upande mwingine, mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unaonya dhidi ya hofu, kwa sababu mtumwa aliyelaumiwa na bwana wake hakupoteza kitu, ila aliificha ardhini talanta aliyokabidhiwa kwa kuogopa hasara. Dini zote mbili, kwa hiyo, zinakataa visingizio viwili ambavyo mwanafunzi huvikimbilia mara kwa mara, yaani kwamba yote yamekwisha kuandikwa na kwamba ni salama zaidi kutojaribu.

Kutojulikana kwa yajayo

Wanaowashauri vijana wachague kozi kwa kutazama soko la ajira hutoa ushauri wenye busara, ila aghalabu husahau jinsi soko lenyewe lisivyotabirika. Pwani ya Bagamoyo inaweza kusomwa kama historia ya matarajio yaliyohama. Kaole, mji wenye magofu ya misikiti na makaburi ya tangu karne ya 13, ulikuwa bandari mpaka maji yake yakajaa tope na mikoko. Bagamoyo ikapanda juu katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe na ya watumwa, ikawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, kisha makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891 na mji ukadidimia. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano na kampuni ya China ya kujenga bandari kubwa katika eneo la Mbegani, jirani kabisa na Mlingotini, na jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Mwaka 2019 mradi ulisimama baada ya Rais John Magufuli kuyakosoa hadharani masharti yake, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yangefufuliwa. Mwanafunzi aliyejiunga na kozi ya usafirishaji na ugavi mwaka 2013 kwa matumaini ya bandari hiyo alihitimu na kuikuta haijajengwa, wala hakuna mtu angeweza kusema kwa haki kwamba alikosea kufikiri.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kazi zinazozuka bila kutarajiwa. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, kisha kikaenea katika pwani ya bara, na kwa hiyo hakuna mshauri wa miaka ya 1970 ambaye angemwelekeza mwanafunzi asomee mambo ya mwani kwa ajili ya kuwahudumia wakulima wake. Hata hivyo taaluma hiyo ilihitajika upesi, kwa sababu aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ilianza kufa katika maji ya ufukweni yaliyokuwa yakipata joto, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wakashughulika na mbinu za kuulima katika maji yenye kina na za kuuongezea thamani kwa kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Ualimu nao unatoa funzo la kinyume, kwani kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo na Serikali karibu moja kwa moja, mpaka katikati ya miaka ya 2010 ajira hizo zilipoanza kuwa za kusubiriwa na kushindaniwa, na fani iliyosifiwa kwa usalama wake ikawa na wahitimu wengi walio nyumbani.

Kuna hali ya kutojua iliyo nzito zaidi kuliko hiyo ya soko, nayo ni ya mtu kutojijua. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2014, alieleza kwamba yapo maamuzi yanayombadilisha mwenye kuyafanya, kiasi kwamba anayeamua leo na atakayeishi na uamuzi huo kesho hawana mapendeleo yale yale. Binti wa Mlingotini anayechagua sheria hachagui tu kazi ya mtu aliyepo. Anachagua awe mtu wa namna fulani, mwenye kupima maneno na kuona mgogoro mahali ambapo wenzake wanaona desturi, na hawezi kujua mapema kama mtu huyo atamfurahisha. Hoja hiyo inavunja ushauri maarufu wa kwamba kijana afuate moyo wake, kwa sababu moyo unaoulizwa bado haujaumbwa na maisha unayotakiwa kuyatolea hukumu.

Maisha ya Abu Hamid al-Ghazali yanathibitisha kwamba hata elimu kubwa haimwondolei mtu hali hiyo. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mwenye cheo cha juu kabisa katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, alianza kuitilia shaka niya yake ya kufundisha, akahisi kwamba kilichomsukuma kilikuwa jaha na umaarufu, akayumba kwa karibu miezi sita kati ya kuondoka na kubaki mpaka ulimi wake ukamgomea darasani, na mwishowe akaiacha kazi hiyo. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba baada ya miaka mingi ya safari na ibada alirudi kufundisha, kazi ile ile, akiwa na niya tofauti. Kisa hicho kinaonyesha kwamba uamuzi wa kazi haumalizwi kwa siku moja ya kujaza fomu, na kwamba mara nyingine kinachohitaji kubadilika ni sababu ya kuifanya kazi, wala si kazi yenyewe.

Dhima kwa waliomsomesha

Ikiwa moyo pekee hautoshi kuwa mwongozo, na soko halitabiriki, basi mwanafunzi anahitaji kipimo kingine, na kipimo hicho al-Ghazali amekitoa katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din. Sheria ya Kiislamu hugawa faradhi katika mafungu mawili: faradhi ya aini, inayomwajibikia kila mtu binafsi kama sala, na faradhi ya kifaya, inayoiwajibikia jamii nzima, ambayo wakiitimiza baadhi huwaondokea wengine, na ikikosa wa kuitimiza wote hupata dhambi. Al-Ghazali aliuingiza utabibu, hesabu, na hata kilimo na ufumaji katika fungu hilo la pili, kisha akawakemea wasomi wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi, elimu ya hukumu za sheria, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu. Na sababu aliyoitaja ni kwamba fikihi ilifungua milango ya ukadhi, ya usimamizi wa wakfu na ya ukaribu na watawala, jambo ambalo utabibu haukulifanya. Ukosoaji huo una zaidi ya miaka 900, lakini unafaa kusomwa na yeyote anayeona wanafunzi wakikimbilia kozi zenye heshima ya ofisi na kuziacha zile ambazo vijiji vyao vinazililia.

Kwa kipimo hicho, swali la mwanafunzi hubadilika kutoka kile anachokitaka na kuwa kile kilichokosa mtu wa kukifanya. Mlingotini, swali hilo lina majibu yanayoshikika: wanawake wa mwani wanahitaji mtu anayeelewa magonjwa ya mmea huo na joto la maji, mtu awezaye kuandika hesabu za kikundi zinazoaminika, na mtu anayejua jinsi bei ya dunia inavyopangwa, kwa kuwa mkulima asiyejua bei inatoka wapi hulazimika kuikubali kama ilivyo, nao wenye mashamba karibu na eneo la bandari wanahitaji mwanasheria na mthamini wa ardhi wanaoweza kuwaeleza haki ya fidia kwa lugha yao.

Hata hivyo historia ya Tanzania inaonya kwamba dhima hii ikigeuzwa amri hupoteza sehemu ya maana yake ya kimaadili. Mwalimu Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na akaona kwamba asiporudi amewasaliti wenzake. Serikali ilipotaka wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, miezi mitano kambini na miezi 18 mingine kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966, wakalalamika pia kwamba viongozi waliokuwa wakiwahubiria kujinyima walikuwa wakijilipa vizuri. Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, lakini siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa baadaye. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki: wanafunzi walikosea kudhani kwamba elimu waliyoipata kwa jasho la wakulima ilikuwa mali yao binafsi, nao walisema kweli kwamba wito wa kujitolea haupokelewi kutoka kwa mtu asiyejitolea, na kitendo cha Nyerere cha kupunguza mshahara kilikuwa kukiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Dhima, basi, huzidai pande mbili. Mzazi anayemwambia mwanawe achague kozi ili akaitoe familia katika umaskini anadai haki, lakini haki hiyo haifiki mahali pa kumfanya mtoto awe chombo cha kutimizia ndoto ambayo mzazi mwenyewe aliikosa. Vivyo hivyo, mwanafunzi ana haki ya kufuata kipaji chake, lakini haki hiyo haimruhusu kuwasahau waliolala na njaa ili yeye asome, wala haipimwi kwa fedha anazotuma peke yake, kwa kuwa mwenye ujuzi anaweza kulipa dhima yake kwa ujuzi.

Mizani ya uamuzi

Kutokana na yaliyotangulia unaweza kutolewa utaratibu wa kuamua ambao Mwislamu, Mkristo na asiyekuwa na dini wanaweza kuukubali kwa sababu zao tofauti. Kwanza ni kujua, maana ushauri bila elimu ya jambo ni kubahatisha: mwanafunzi aulize kazi ya siku nzima ya mhandisi au mkaguzi wa hesabu ikoje, akaione, na asiridhike na jina la kozi. Pili ni mashauri, na hapa panahitajika uangalifu, kwa sababu washauri wake hawajui mambo yale yale. Mama wa Mlingotini huenda hajawahi kuingia katika ofisi ya uhasibu lakini anamjua mwanawe kama ni mvumilivu au ni mwepesi wa kuchoka, ilhali mhadhiri anaijua fani lakini hamjui kijana, na uamuzi mzuri huzaliwa pale elimu hizo mbili zinapokutanishwa. Hadithi ya Mtume inamtaja anayetakwa shauri kuwa ni mwenye kuaminiwa, na kwa hiyo mshauri anayesifia fani kwa kuwa ni yake, au anayemkatisha kijana tamaa kwa kuwa ni wa ukoo maskini, amevunja amana. Tatu ni kupima uwezo na uhitaji kwa pamoja, kwani kipaji kisichomfaa mtu mwingine huishia kuwa mchezo, na uhitaji usioungwa mkono na kipaji huzaa mtumishi mbovu. Nne ni sala na azma, na baada ya azma ni kazi.

Anayeufuata utaratibu huo anaweza kukosa ajira, kama walivyoikosa wengi waliofikiri vizuri, lakini hawezi kuambiwa kwamba aliamua vibaya, na tofauti hiyo ndiyo itakayomwezesha kubadilisha njia bila kujidharau pale mambo yatakapogeuka. Uamuzi hupimwa kwa yale ambayo mtu alikuwa na wajibu wa kuyajua na kuyazingatia siku ile alipoufanya. Matokeo huamuliwa pia na bei ya dunia, na mikataba ya serikali, na joto la bahari, na mengine yote ambayo waumini huyaita kadari.

Wajibu hauishii kwa kijana. Vyuo vikuu vinavyompokea vina deni la kumpa ushauri wa fani katika mwaka wa kwanza badala ya kungoja semina za ajira za mwaka wa mwisho. Shule za sekondari za pwani zina deni la kumweleza maana ya tahasusi kabla hajaifunga milango asiyoijua. Na Serikali ina deni la kuhakikisha kwamba kukosekana kwa mwalimu wa fizikia kijijini hakugeuki kuwa kadari ya mtoto. Wazazi, kwa upande wao, wakimwona mhitimu wao amerudi nyumbani bila ajira, wamuulize kwanza alifikirije na sasa anakusudia nini, kabla ya kumuuliza mshahara uko wapi.